Usiku Hatuzungumzi Kofia

Tuliwekeana sharti mwaka ule wa kwanza,
pale Limbani, Wete, chumba kimoja, koroboi moja:
taa ikizimwa, na kofia imezimwa.
Kitandani hakuna uzi, hakuna sindano,
hakuna "ile kona ya tatu umeibana mno."
Kitandani ni Mize na Shaame, basi,
mtu na mumewe.

Mchana mimi huchora.
Penseli naichonga kwa wembe, nailamba ncha,
nakitandaza kitambaa juu ya goti
na maua yanakuja yenyewe, au hayaji,
na yasipokuja nafua nguo.
Yeye hushona. Hutoboa tundu moja moja,
akalizungushia uzi mpaka likawa jicho,
macho mia nane, mia tisa, kichwani mwa mtu mmoja,
na yote hayaoni kitu.

Watu husema: kofia ya Shaame.
Kule Mkoani bwana harusi huulizwa,
"Umevaa ya nani?" "Ya Shaame wa Limbani."
Nami sikuudhika, miaka kumi na moja.
Penseli ikifuliwa hutoka,
uzi hubaki. Ndivyo kazi ilivyo.
Nilijiambia hivyo huku nachagua mchele,
na mchele ulikuwa safi tangu mwanzo.

Hata akaitwa Unguja kwenye maonyesho.
Akarudi na cheti ndani ya fremu, jina moja,
akakitundika juu ya cherehani.
Akasema, "Kazi yangu imependwa."
Yangu.
Neno dogo, herufi tano.
Nikampakulia chakula. Nikamwekea na ndimu.
Asubuhi nikampa kitambaa kitupu.

"Hujachora," akasema.
"Kazi yako," nikasema.

Siku tisa. Nyumba ikawa ofisi.
"Chumvi." "Ipo." "Mtoto kalala?" "Kalala."
Bi Raya wa ukuta wa pili,
aliyezoea kutusikia tukigombania duara na pembe
hata akagonga kwa mwiko,
akaja kuuliza nani anaumwa.

Naye alishona. Lazima niseme kweli, alishona,
kwa ukaidi wa punda, bila mstari, bila alama,
tundu likifuata tundu kama watoto waliotoka chuoni:
wengine wamepitia dukani,
wengine wameketi njiani wanachimba mchanga.
Siku ya kumi akaja jikoni,
mimi niko juu ya mbuzi nakuna nazi,
akaniwekea kitambaa mapajani.
Hakuomba radhi. Alisema,
"Nimepotea hapa,"
akaonesha kwa kidole,
kile chenye sugu na vidonda vya sindano,
ambacho hata gizani nakijua.

Nilitaka kufumua. Mwenye akili angefumua.
Nikachukua penseli, mikono ina tui,
nikachora kuuzunguka upotevu wake:
hapa tawi, hapa jani limejigeuza, hapa maji,
kila tundu lililopotea nikalitafutia kwao.
Haikuwa nzuri, ile kofia. Niseme na hilo.
Mteja aliigeuzageuza, akaomba apunguziwe bei.
Tukampunguzia.

Cheti bado kipo ukutani.
Chini ya jina lake, juu ya kioo cha fremu,
amebandika kikaratasi, na kwa penseli yangu,
kwa ule mwandiko wake wa kuku kapita:
"na Mize."
Penseli, wajua, hufutika.
Ikififia naikuta imekolezwa upya.
Sisemi kitu.

Jana usiku, taa imezimwa, mvua inapiga bati,
nilidhani kalala.
"Mize," akasema, "lile jani,
uliligeuzaje?"
Sharti ni sharti. Nikanyamaza kidogo.
Kisha nikautafuta mgongo wake gizani,
nikamchorea kwa ukucha, polepole,
naye akawa anahesabu matundu.